Tairi la Upande Wangu

Usukani ulinipiga kidole gumba mpaka ukucha ukawa mweusi.

Gari lilikuwa limefungwa tairi mpya, bado zinanuka duka. Na lilikuwa linatetemeka kama mgonjwa wa malaria!

Ilikuwa 1956, mimi dereva wa pikapu kwenye shamba la Mzungu huko Bahati. Tulimwita Bwana Haraka, maana hata salamu hakuwa na subira ya kuimaliza. Kazi yangu ilikuwa kupeleka krimu Nakuru.

Polepole, gari shwari. Mshale wa spidi ukikaribia maili arobaini, usukani unashikwa na wazimu.

Karani wa kupokea krimu kule Nakuru akafungua mtungi, akakuta mtikisiko umeigandisha krimu, akaangua kicheko.

"Omolo, siku hizi unatuletea siagi tayari? Si ungekuja na mkate kabisa!"

Habari zilipomfikia, Bwana Haraka hakucheka.

"Kesho asubuhi mimi panda na wewe. Gari tetemeka, wewe toa vyombo kwa nyumba."

Nyumba ilikuwa yake. Na miaka ile ya Emajensi, serikali ya mkoloni ikipigana na wapiganaji wa msituni, mtu asiye na kazi alikamatwa hata akitembea tu barabarani. Mke wangu Nasimiyu alikuwa na mtoto kifuani, Adero, kitovu hakijaanguka.

Nilirudi nyumbani. Majirani walikuwa wamejaa kama kawaida. Mimi napenda watu, lakini siku hiyo hata chai niliisukuma kando.

"Mimi sisemi kitu," akaanza Cheptanui, jirani ambaye habari zote za shamba zilipitia kwake. "Lakini tairi la mwisho alifunga nani?"

Watu wakatazamana. Kiprugut.

Kiprugut alikuwa fundi wa akala, vile viatu vya tairi. Siku ya kufunga tairi mpya, pale nje ya nyumba yangu, alikuwa ameniomba zile kuukuu. Nikamnyima, maana Bwana Haraka alitaka zirudi stoo. Halafu wageni wakaniita chai, Kiprugut akasema, "Nenda unywe, hili la mwisho nitakumalizia."

"Umemnyima, amekufanyia!" Cheptanui akapiga makofi. "Lori la shemeji yangu kule Kabazi lilirogwa hivyo hivyo. Leo kuku wanataga ndani!"

Vijana wakasema twende tukamtoe kwake. Nami, kwa ile hofu, nilikuwa nimeshasimama.

Nasimiyu akanivuta shati. "Baba Adero, Kiprugut hakimbii. Angalia gari kwanza."

Nikaingia chini ya gari. Nati zimekaza. Maungio ya usukani hayachezi. Upepo wa tairi sawa. Nikakwangua matope kwenye rimu, nikarudi barabarani.

Mtetemo ule ule. Na jua linakwenda zake. Wallahi nilitaka kulia.

Nikafikiria kitu kimoja cha mwisho. Gurudumu la mbele kulia nikalifunga nyuma, la nyuma nikalileta mbele. Nikakanyaga mafuta.

Mikono ikatulia. Makalio ndiyo yakaanza kucheza ngoma!

Kumbe usukani hauna kosa. Ugonjwa uko kwenye gurudumu lile. Lile la Kiprugut.

Nikabandua tairi mbele ya watu wote. Ndani, kati ya tairi na tyubu, kulikuwa na ukanda mzito wa tairi kuukuu, kingo zake zimelainishwa kwa kisu.

"Dawa hiyo!" Cheptanui akapiga ukemi.

Kelele zikamleta Kiprugut mwenyewe. Akauona ukanda mkononi mwangu.

"Mbona umeutoa?"

"Uliuweka wewe?"

"Si ndivyo tunavyofanya siku zote, mwiba usifikie tyubu?"

Ni kweli. Tairi zangu za zamani zilijaa viraka vyake. Lakini kwa zile tulitambaa tu, tukiogopa zitapasuka. Hakuna aliyewahi kufika arobaini, ambapo uzito wa kiraka unalitingisha gurudumu.

"Umepata mtoto juzi," akasema. "Pancha ikikushika msituni siku hizi, utarudi kweli?"

"Na kwa nini tairi moja tu?"

Akaangalia chini. "Nilikuwa nimebaki na kipande kimoja kizuri, Omolo. Nikakiweka upande unaokaa wewe."

Cheptanui akakumbuka ghafla kwamba ana chungu jikoni.

Asubuhi Bwana Haraka akapanda. Mshale ukapita arobaini, usukani kimya.

"Nini ilikuwa?"

Ningemtaja Kiprugut, vyombo vyake ndivyo vingetolewa nje.

"Matope, bwana."

Wenzangu mnaosoma hapa, gari likitetemeka baada ya tairi mpya, bandua uangalie ndani kabla hujatafuta mchawi. Mimi nilibakisha kidogo tu nimpige mtu aliyeogopa kifo changu kuliko nilivyokiogopa mwenyewe.