Unga wa Yosefu

Jumapili iliyopita jumuiya yetu hapa Kambarage ilikaa kupanga siku ya somo wetu, Mtakatifu Yosefu. Katibu, kijana mwenye haraka, alipendekeza tuihamishe kutoka tarehe kumi na tisa Machi hadi Mei Mosi. "Siku hiyo hakuna kazi, na Yosefu ni yuleyule," alisema. Wote wakanigeukia, kwa sababu mambo ya kalenda huulizwa mimi. Nilikwisha kulisikia pendekezo hilo, rafiki yangu. Mara ya kwanza lilitoka kinywani mwangu mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Bibi aliyenilea aliishi kijijini, mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Shinyanga mjini. Hakujua kusoma, na siku hakuzitaja kwa tarehe bali kwa watakatifu. Karanga zilipandwa kabla ya Andrea. Ndama alizaliwa wiki ya Lusia. Kitabu chake cha maisha ya watakatifu, kisicho na jalada, alikihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na mbegu za maboga, kwa hiyo watakatifu wote walinukia maboga. Jioni, nikishateka maji na kutwanga, nilimsomea ukurasa mmoja huku akichambua kunde. Aliwasikiliza kama watu wa ukoo. Nilipofika mahali Monika anamlilia mwanawe miaka na miaka, aliuliza, "Na baba mtu alikuwa wapi?"

Kila mwaka, siku ya Yosefu, jumuiya ya kijiji ilikusanyika kwake. Machi kwetu ulikuwa mwezi mgumu: mtama wa mwaka jana umekwisha kwa wengi, wa mwaka huu bado uko kijani. Bibi alifungua kihenge, ghala lake la nafaka, akapika ugali, michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochanganywa na karanga, na nsansa, yale majani makavu ya kunde. Kila mtu alikuja na bakuli. Baada ya sala katekista alibariki kapu la unga, na bibi akamchotea kila mmoja wa kurudi nao nyumbani.

Jirani yetu alikuja na beseni. Mumewe alikuwa amekwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu, na habari zake zilifika kwa nadra. Watoto walikuwa watano. Mama yule hakuwahi kuja kwetu kuomba hata chumvi, lakini siku ya Yosefu bibi alimjazia beseni hadi juu.

"Mayu, umenizidishia," alilalamika. Ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

"Unga si wangu, ni wa Yosefu. Utamrudishia mwenyewe ukimwona."

Wanawake walicheka, naye akacheka.

Nilipofika darasa la tano nilipenda sana kuwa sahihi. Picha yetu ukutani ilimwonyesha Yosefu akiwa na randa mkononi, na kitabu kilisema Yosefu Mfanyakazi huadhimishwa tarehe moja Mei. Katika kikao cha Februari nikasimama nikaeleza kwamba miaka yote tumekosea. Katekista alifungua kitabu, akasoma, akasema, "Mtoto amesema kweli."

Watu walifurahi. "Mei kuna karanga mpya!" alisema mmoja. "Na viazi vibichi!" alidakia mwingine. "Kumbe tunamlisha Yosefu michembe, na mwenyewe anasubiri viazi!" Siku ikahamishwa palepale. Jirani hakucheka. Alikuwa akiitazama mikono yake.

Bibi alingoja hadi tulipokaribia nyumbani. "Umesoma vizuri," alisema. "Sasa niambie, jirani atawalisha nini wale watoto Machi?"

"Si umpelekee tu unga?"

"Nilimpelekea, mwaka mumewe alipoondoka. Aliurudisha mlangoni kwangu, hata kuufungua hakuufungua." Akatembea kidogo, kisha akauliza, "Wewe umesoma ukurasa mmoja. Kitabu kina kurasa ngapi?"

Siku tatu nilisoma kila nilipotoka shule, nimekaa kwenye kivuli cha kihenge. Siku ya tatu nikaupata ukurasa. Yosefu ana siku mbili. Ile ya Mei ni kumbukumbu. Ile ya Machi, ya Yosefu Mume wa Maria, ni sherehe, daraja la juu kabisa, na hata Kwaresima huipisha. Nikakimbia kwa katekista.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja kumhamisha nani tena?"

Nilimwonyesha. Alisoma mara mbili, akafuta miwani, akasoma tena. Jumapili alitangaza kwamba sherehe ni Machi kama zamani, na Mei kila mtu ale karanga zake kwa amani. Tarehe kumi na tisa beseni lilikuja. Bibi akanipa mimi kata ya kuchotea.

"Mtoto, umenizidishia," alisema jirani. Nilijua la kumjibu.

Bibi hayupo tena, wala katekista. Mahali pa kihenge pamebaki mawe machache yaliyokibeba. Jumuiya zetu za mjini huchanga kwa simu, hula pilau na kunywa soda kwenye viti vya plastiki, na watu hurudi makwao mikono mitupu. Viti havinisumbui. Ninachokikosa ni kuona watu wanakuja kwa mtakatifu na vyombo vyao, bila haya.

Nikamwambia katibu, "Siku zote mbili ni za Yosefu, lakini sherehe ni Machi. Na kila mtu aje na chombo."

"Chombo cha nini, mama?"

"Cha unga wa Yosefu."

Aliandika huku anatabasamu. Kwenye benchi la nyuma alikaa mama mmoja aliyehamia kwetu karibuni na watoto wake. Mumewe amebaki machimboni. Hajawahi kusema kitu kikaoni. Alinyoosha mkono, akauliza kwa sauti ndogo kama beseni nalo linaruhusiwa.