Mwenye Uso Aulizwe Kwanza

Saa tatu asubuhi, duka la picha la Nevyana Kutsarova limeshajaa harufu ya kahawa. Mezani kuna bahasha thelathini na moja. Anafungua moja, anatoa picha, anailaza kifudifudi kabla hajaitazama, kisha anabandika kipande cha karatasi juu ya jina la mpigaji. Juu ya karatasi anaandika namba kwa penseli: kumi na saba.

Ndipo anapoigeuza. Ni mwanamume mwenye mashavu mekundu, amekaa mbele ya ghala la mahindi, amefunga shati mpaka kifungo cha juu.

"Huyu alijua anapigwa picha," ananiambia. "Angalia hicho kifungo."

Mlango unalia kengele. Anaingia mama wa makamo aliyevaa nguo nyeusi, ameshika picha ya mumewe aliyefariki juzi. Anataka ikuzwe kwa ajili ya tangazo la msiba, lile linalobandikwa kwenye mlango wa nyumba na kwenye miti ya barabarani.

"Shangazi Nevyana, unaweza kumtoa hiyo sigara mdomoni?"

"Kuitoa naweza. Watu watamtambua?"

Mama yule anafikiri kidogo, kisha anacheka huku akifuta macho. "Basi mwache nayo."

Nevyana ana umri wa miaka sitini na miwili, na amepiga picha katika mji wa Kamen Yaz, kaskazini mwa Bulgaria, kwa miaka thelathini na mitano. Zamani alipiga picha za vitambulisho arobaini kwa siku. Tangu polisi waanze kuzipiga wenyewe kituoni, wateja watano ni siku nzuri. Akishalipa pango na umeme, mwezi humwachia kama yuro mia nne.

Lakini kila mwaka, majira ya kuchipua yakianza, duka hili hugeuka kuwa ofisi ya mashindano ya picha za sura za watu. Wanaoshindana si mafundi bali wapenzi tu wa kamera: wauguzi, wakulima, wanafunzi, wastaafu. Picha bora hutundikwa katika jumba la utamaduni tarehe ishirini na nne Mei, na nusu ya mji huja kuzitazama. Kanuni zake anaziandika Nevyana tangu mwaka 1997.

Ni kanuni saba. Majina yafichwe. Jaji mwenye ndugu yake pichani atoke nje. Picha zote ziwe za ukubwa mmoja, ili mwenye pesa asimshinde mwenye jicho. Kompyuta isifute wala kuongeza kitu usoni. Anayeishi kwa kupiga picha asishindane, na akiacha kazi hiyo, asubiri miaka miwili. Simu inaruhusiwa, hiyo ilipita baada ya ugomvi wa miaka mitatu.

Iliyobaki ni kanuni ya nne, na ndiyo iliyotaka kufutwa mwaka huu.

Inasema hivi: unaweza kupiga kwanza na kuuliza baadaye, lakini kabla bahasha haijafika dukani, mwenye uso awe ameiona picha yenyewe pamoja na jina uliloipa, na akubali kwa sahihi yake. Asipokubali, haiingii.

Aliyetaka ifutwe ni Zapryan Mihov, mwenye miaka sabini na mmoja, dereva wa treni mstaafu. Ameshinda mara mbili, na yeye na Nevyana wamefahamiana tangu enzi za klabu ya picha ya kiwanda cha nguo.

Enzi hizo mji ulikuwa na watu elfu kumi na moja. Leo hawafiki elfu nne. King'ora cha kiwanda kikilia saa kumi jioni ya Alhamisi, wanaklabu thelathini walipanda ngazi za jumba la utamaduni wakiwa bado na pamba kwenye nywele. Chumba cha giza cha kusafishia picha kilikuwa chini ya ngazi. Waliingia watatu watatu, wakabanana chini ya taa nyekundu.

"Karatasi ya picha ilikuwa adimu," Nevyana anakumbuka. "Moja tuliikata vipande vinne vya kujaribia. Uso ukianza kutokea kwenye maji, mnanyamaza wote. Hata Zapryan alinyamaza."

Picha mbichi walizianika kwa vibanio vya nguo. Zikikauka, walikula mkate uliopakwa rojo ya pilipili hoho iliyopikwa na mama wa mmoja wao. "Leo napokea picha kwenye simu huku nimesimama jikoni. Nzuri, safi. Lakini hakuna anayenisubiri nje ya mlango aniulize, imetoka?"

Mkutano wa kamati ulifanyika Februari katika jumba hilohilo. Walikuwa watano, na mwenyekiti alikuwa Sevda Tsoneva, anayesimamia jumba. Zapryan hakuzunguka mbuyu.

"Ukimwambia mtu unataka kumpiga picha, anavaa uso wa kwenda kanisani," alisema. "Mimi nataka uso wa nyumbani."

"Wa nyumbani si ubaki nyumbani," Nevyana akamjibu.

"Wewe umezoea vitambulisho. Kwako binadamu ni masikio mawili yaonekane."

"Na wewe umezoea treni. Ukishapita, hujui umemwacha nani kituoni."

Wote walicheka, na Zapryan akiwemo. Lakini hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema kwamba watu wakishaona picha huchagua ile inayowapendeza, na ukweli unatupwa. Wajumbe wawili walitikisa kichwa kumuunga mkono, maana huku kwetu kutikisa kichwa ni kukubali. Sevda akauliza kama kuna la mwisho kabla ya kura.

Nevyana alinyoosha mkono. Alichosimulia hapo, katika miaka yote ya mashindano, hakuwahi kukisema mbele za watu.

Wiki ya Pasaka ya mwaka 1988, alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mshonaji kiwandani. Alikwenda kituo cha treni na kamera ya kuazima. Treni ya saa tano ilikuwa imekwisha kuondoka. Kwenye jukwaa alibaki mwanamke mmoja, kapu la mayai mekundu ya Pasaka mkononi, kitambaa kimemteleza kichwani, mdomo wazi bila meno ya mbele. Alikuwa akilia. Binti yake aliyeahidi kuja sikukuu hakuwemo kwenye treni.

Nevyana alipiga mara tatu, akaondoka. Mwanamke yule Nevyana alimjua kwa sura: alikuwa Stoyna, mfagiaji wa ghala la kiwanda.

"Picha niliipa jina 'Uzee'," Nevyana anasema. "Nilijiona nimesema jambo kubwa."

Ilishinda mashindano ya klabu. Siku ya maonyesho, mtu alimwambia Stoyna kwamba picha yake iko ukutani. Akavaa koti lake la kanisani, akachukua na majirani wawili. Nevyana alikuwa amesimama karibu na picha akipokea pongezi.

Stoyna alisoma jina chini ya fremu. Alilisoma taratibu, kwa sauti. Kisha akageuka.

"Nina miaka hamsini na sita, binti," alisema.

Akaishika fremu kwa mikono miwili, akaigeuza ikatazama ukuta, akaondoka na majirani zake. Alipofika nje, mkurugenzi wa jumba wa wakati ule akaigeuza tena. Ikakaa hapo wiki mbili.

"Na mimi nilimwacha aigeuze," Nevyana aliiambia kamati. "Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko hata kupiga. Nilikuwa nimesimama pale pale, na mikono ninayo."

Baadaye alimpelekea keki na picha nyingine. Stoyna hakufungua mlango. Walipishana mitaani kwa miaka minane bila salamu. Klabu ilikufa, kiwanda kikafungwa, Nevyana akafungua duka.

Asubuhi moja ya mwaka 1996, kengele ya mlango ililia, akaingia Stoyna. Alikuwa amesuka nywele na kutia meno ya bandia.

"Nataka picha ya tangazo langu la msiba," alisema. "Nisije nikafa wakanibandika ile yako."

Nevyana alimpiga picha kwa zaidi ya saa moja. Kila mara Stoyna alitaka kujua mkono wake uko wapi, kidevu kiko wapi. Mwishoni alichagua moja ambayo anatabasamu kidogo upande mmoja. Alikataa kupewa bure. Alipofika mlangoni alisema, "Hivi ndivyo ulivyopaswa kuanza."

Mwaka uliofuata mashindano yalifufuliwa, na Nevyana akaombwa aandike kanuni. Ya kwanza kuandika ilikuwa ile ya nne. Stoyna alifariki mwaka 2003, na kwa wiki nzima mji ulimwona kwenye milango na miti akitabasamu upande mmoja.

Nevyana alipomaliza, Sevda aliita kura. Mikono minne ilitaka kanuni ibaki. Wa Zapryan ulibaki mfukoni.

"Ni hadithi nzuri," alisema akivaa kofia. "Imeniharibia picha bora ya maisha yangu."

Hakuwa akitania. Mwezi Januari alikuwa amempiga picha Metodi Ganchev, fundi viatu, kupitia dirisha la kibanda chake. Ilikuwa wiki moja tangu Metodi amzike mkewe. Alikuwa ameinama, kiatu kimoja cha kike mapajani, nyundo imelala.

Siku mbili baada ya mkutano, Zapryan alikwenda kibandani na picha ndani ya bahasha. Yeye mwenyewe ndiye anayesimulia, bila kujipendelea.

"Aliitazama muda mrefu. Nikadhani imempendeza. Kisha akaniuliza, 'Ulisimama pale dirishani muda gani?' Nikamwambia labda dakika kumi. Akasema, 'Dakika kumi. Na hukuingia.'"

Metodi hakutia sahihi. Aliikunja ile bahasha, akaiweka kwenye droo ya misumari, akaendelea na soli aliyokuwa akiigonga.

"Kesho yake nilirudi," Zapryan anasema. "Sikubeba kamera. Nilibeba chupa ya rakia, pombe ya matunda, nikaingia. Hatukuongea mambo mengi. Siku hizi kila Jumanne tunacheza tabla, bao la dadu. Ananifunga vibaya."

Alipoulizwa kama bado ana hasira, alikubali. "Ninayo. Ile picha ni nzuri, na haki ya Mungu ningeshinda. Lakini siwezi tena kuifikiria bila kusikia zile dakika kumi." Mwaka huu hana bahasha mezani. "Nilitaka kumwingiza mbuzi wangu. Bibi huyu akasema mbuzi hana sahihi."

Dukani, Nevyana amefika namba ishirini na tatu. Majaji wanakuja wiki ijayo, na mmoja anatoka mji mwingine na hamjui mtu yeyote hapa. Baada ya maonyesho ataanza kupakia vitu. Desemba anafunga duka. Kanuni atamkabidhi Sevda, ambaye ameshaahidi hatagusa ya nne.

Haonyeshi huzuni kubwa. Anasema kwamba kwa miaka yote hii amepanga bahasha za wengine bila kuweka yake, kwa sababu kanuni ni kanuni. Sasa ameanza kuhesabu. Akifunga Desemba, ile miaka miwili itakwisha akiwa na sitini na nne. Majira ya kuchipua ya mwaka 2029 atakuwa mpenzi wa kamera kama mtu mwingine yeyote, na bahasha yake itapewa namba na mtu mwingine.

"Sijashindana tangu 1988," anasema. "Nataka nijue kama nilijifunza."

Uso anaoutaka ameshauchagua. Ni wa Zapryan.

"Nilimwomba juzi, hapo hapo ulipokaa. Nikamwambia nauliza mapema ili usije ukasema sikuuliza." Anachomeka penseli nyuma ya sikio na kuvuta bahasha nyingine. "Amekubali, kwa sharti moja. Nisimwambie siku."