Dumu la Kitambaa Cheusi

Siku ya kwanza ya kazi nilifika gereji kabla haijafunguliwa, nikasimama ng'ambo ya barabara kwa sababu niliona aibu kusimama mlangoni. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na spana nilikuwa sijawahi kuishika. Ilikuwa Singida mjini, upande wa kutokea kwenda Manyoni. Fundi Mkuu alipofika nilimwamkia kwa sauti ndogo hata akauliza kama nimesema kitu.

"Shikamoo," nikarudia.

"Marahaba. Umekuja kazini au umekuja kusali?"

Mafundi wakacheka. Mmoja akasema, "Huyu ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakuomba samahani." Tangu asubuhi ile jina langu likawa Kimya.

Leo nimeshaacha ufundi, ingawa sijafika hata miaka thelathini. Nawaandikia ninyi mnaoingia gereji sasa, mjue kazi ya giaboksi tuliifanyaje, na kwa nini mimi siifanyi tena.

Fundi Mkuu alikuwa bingwa wa giaboksi za oto, zile zinazobadili gia zenyewe. Magari yetu yalikuwa forwili za zamani, zilizochoshwa na barabara za vumbi. Kwenye giaboksi ya oto hakuna klachi ya kukanyaga. Ndani kuna pleti nyembamba nyingi, na kinachozibana ni nguvu ya oili. Oili ikipungua, au ikiwa siyo yake, pleti zinateleza badala ya kubana. Hapo utasikia injini inalia na gari haliendi, au gia ya pili ikienda ya tatu gari linashtuka kama limegongwa kwa nyuma.

Alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwingine. Kabla ya kufungua giaboksi yoyote alimwaga oili kidogo kwenye sahani nyeupe ya bati, mbele ya dereva, halafu akainusa. Oili nyekundu ni nzima. Ya kahawia yenye harufu ya kuungua, pleti zimekwisha. Yenye chenga zinazong'aa, chuma kinakula chuma. "Usishike spana kabla hujanusa," alituambia. "Dereva anaweza kukudanganya. Oili haiwezi."

Oili mpya ilikuja kwa mapipa. Tuliigawa kwenye madumu ya njano yaliyokuwa ya mafuta ya alizeti, maana Singida madumu hayo hayakosekani. Ili tusichanganye, alifunga kitambaa kwenye shingo ya kila dumu. Chekundu kilikuwa oili ya giaboksi. Cheusi kilikuwa oili nzito ya difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Madumu yenyewe yalifanana kabisa.

Baada ya miaka kadhaa Fundi Mkuu alipata kazi kwenye karakana ya shirika moja lenye zahanati vijijini, huko Manyoni, akanichukua. Hapo tulikuwa chini ya Msimamizi wa Magari, mtu wa shati lililopigwa pasi na maneno mengi. Dereva wa forwili kubwa alikuwa Baba Neema. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha. Alinikalisha kwenye usukani uwanjani, akakaa pembeni na kusema, "Usiniambie unaogopa. Niambie gari linasema nini." Kwake niliongea kuliko kwa mtu mwingine yeyote.

Kufikia wakati huo macho ya Fundi Mkuu yalikuwa yanaondoka. Alisogeza spana hadi puani ili asome namba. Karakana nzima tulijua, na hakuna aliyesema. Kumwambia mzee kama yule kwamba haoni, sisi tuliona ni kumvua nguo. Tulichofanya ni kumwekea vitu mkononi. Mimi ndiye niliyemletea dumu, nikiangalia kitambaa, naye hakuwahi kuuliza kwa nini namletea.

Siku moja tulibadilisha oili ya forwili ya Baba Neema. Nilikuwa chini ya gari nakaza nati, na nilipotoka nilimkuta Fundi Mkuu ameshachukua dumu mwenyewe. Msimamizi wa Magari alikuwa amesimama pale na mgeni kutoka makao makuu.

"Mzee wetu huyu," alimwambia mgeni, "anatengeneza giaboksi hata akifumba macho."

Wakacheka. Nilishika faneli, Fundi Mkuu akaanza kumimina, uso kaugeuzia mgeni. Oili ya giaboksi hushuka kama maji. Hii ilishuka kama asali. Nikatazama shingo ya dumu. Kitambaa kilikuwa cheusi.

"Mzee," nilisema.

"Nini?"

"Hili dumu..."

"Limefanyaje?"

Mgeni alinitazama. Msimamizi alinitazama.

"Hamna, Mzee. Nilitaka nikusaidie kushika."

"Wewe shika faneli."

Nilijiambia nitamwambia Mzee wale wawili wakiondoka. Walipoondoka, Baba Neema naye alikuwa ameshapakia chanjo, yuko barabarani. Nikasema kesho. Kesho yake nikasema labda gari litavumilia.

Siku ya nne gari lilirudi juu ya lori. Lilishindwa kwenye kilima cha Kilimatinde, injini ikiunguruma na magurudumu yamesimama. Baba Neema alishuka kwenye lori akiwa mwekundu kwa vumbi.

"Tangu nitoke hapa halikuwa sawa," alisema. "Ukiweka gia ya D linakaa kwanza, halafu linaruka. Sikulikanyaga."

"Hukulikanyaga?" Msimamizi akajibu. "Uliendesha kama trekta la kulimia, leo unatuambia limekaa, limeruka. Ni gari au chura?"

Fundi Mkuu aliomba sahani nyeupe. Nilifungua nati, nikakinga, nikampa. Sasa nisikilizeni vizuri. Oili ya difu ina harufu ya mayai viza. Hata kipofu anaijua. Aliinusa mara moja. Akainusa tena. Nilimwona usoni kwamba amejua.

"Imeungua," alisema. "Dereva amevuta gia mlimani bila kulipumzisha."

Msimamizi akanigeukia. "Wewe Kimya ndiye uliyekuwa na Mzee. Oili iliyowekwa ilikuwa yenyewe?"

Baba Neema aliniangalia. Hakuniangalia kwa kuomba. Aliniangalia kama siku zile uwanjani, akingoja nimwambie gari linasema nini.

"Ilikuwa yenyewe," nilisema.

Katika maisha yangu yote ya kazi, hiyo ndiyo siku pekee sauti yangu ilisikika bila mtu kuniuliza nimesema nini.

Wiki hiyohiyo Baba Neema alipewa barua ya kuachishwa kazi. Alikunja koti lake, akatuaga mmoja mmoja. Fundi Mkuu alistaafu mwaka uliofuata, kwa hotuba na kuku wa kuchoma. Siku hiyo alinipa ile sahani nyeupe. Akanishika bega na kusema, "Kijana wangu, wewe una heshima." Nimelichukia neno hilo mpaka leo. Cheo chake nilipewa mimi. Nilikaa nacho masika mawili, na kila gari lililokuja na gia zinazoteleza nilimwaga oili kwenye sahani nikashindwa kuinusa. Fundi asiyeweza kunusa oili yake hana kazi tena. Nikaacha. Ile forwili bado iko pale uani juu ya mawe.

Sasa niko Sepuka, kwenye mashine ya kukamua alizeti. Msimu uliopita mkokoteni wa punda ulisimama nje na magunia matatu. Aliyeushika alikuwa Baba Neema, nywele zimekuwa nyeupe.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kumbe uko huku."

Nilizima mashine. Nikamwambia yote, kitambaa, faneli, asali, mpaka mwisho.

"Nilijua," alisema. "Harufu ile nani haijui? Nimeendesha magari hujazaliwa."

"Mbona hukusema, Baba?"

"Dereva aliyerudi na gari bovu akisema si yeye, nani anamsikiliza? Nilikuwa nakungoja wewe."

Alianza kushusha magunia.

"Haya," alisema, "nikamulie alizeti zangu, jua linakwenda."

Nilikamua. Alileta dumu lake la njano, akalishika mwenyewe, nami nikamimina. Lilipojaa nilimpa kifuniko. Hakukifunga. Aliinama kwanza, akanusa.