Kwa Jiwe Nililolisukuma kwa Mguu

Admin, nifiche. Mimi ni mama wa miaka sitini na saba, mjane, nipo Mwanza. Mjukuu wangu ndiye aliyenifundisha kutumia simu hii, ila haya naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, asije akajua bibi yake ni mtu wa namna gani. Mtakaonitukana tukaneni tu, nimejiandaa.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa binti mdogo, ndiyo kwanza nimeolewa, tunaishi Igogo. Wenzangu wa umri huu mnakumbuka bidhaa zilivyokuwa adimu. Ukisikia gari limeshusha mzigo duka la ushirika, unaacha ugali jikoni unakimbia. Na foleni yenyewe ilikuwa ya mawe. Unaweka jiwe lako, au tofali, au kopo bovu, halafu unarudi nyumbani kufanya kazi mpaka duka lifunguliwe. Jiwe lilikuwa ni wewe. Jiwe lisipokuwepo, na wewe hukuwepo, hata ulie machozi ya damu.

Jirani yangu ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Kabula. Alikuwa amejifungua binti wa pili, Limi, akaugua mpaka maziwa yakamkauka. Wifi yake, Nyamizi, dada wa mumewe, alivuka ziwa kwa kivuko kutoka Busisi kuja kumsaidia. Alikuwa msichana mpole mno, ukimsalimia anajibu huku anaangalia chini.

Asubuhi moja tukasikia duka limepata maziwa ya kopo na khanga. Mimi nilitaka khanga. Kulikuwa na harusi ya shemeji yangu Kisesa, na niliapa siendi kuaibika na kitambaa kilichopauka. Nikafika na tofali langu, nikakuta mawe yamepanga mstari mpaka kwenye kona. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Watu walikuwa mbali wanapiga soga. Karibu na mbele kulikuwa na kipande cha jiwe la kusagia. Nikakisukuma kwa mguu mpaka mtaroni, nikaweka tofali langu pale pale. Kazi ya kufumba na kufumbua. Sikujiuliza ni la nani, na Mungu ananisikia, sikujiuliza kabisa.

Duka lilipofunguliwa nikasimama kwenye tofali langu. Mara Nyamizi akaja mbio, unga wa uji bado uko mikononi.

"Dada, jiwe langu nililiweka hapa," akaniambia. "Nyuma ya ndoo hii. Kipande cha jiwe la kusagia."

Nikamwangalia. Nikasema, "Mimi nimekuta hivi hivi."

Watu wakaanza kumzomea. "Jiwe liko wapi? Mbona hatulioni? Nenda nyuma huko!" Akawaambia, "Jamani, ni maziwa ya mtoto mchanga." Mama mmoja akamjibu, "Kila mtu hapa ana mtoto." Nyamizi akaenda nyuma. Mimi nikatoka na khanga yangu kwapani, nzuri, nyekundu na nyeusi. Maziwa yakaisha kabla zamu yake haijafika.

Limi alifariki wiki iliyofuata. Mganga wa zahanati alisema mtoto alikuwa dhaifu tangu kuzaliwa, labda asingepona hata kwa maziwa. Labda. Hiyo "labda" nimelala nayo miaka yote hii.

Msibani Mama Kabula alimgeukia wifi yake mbele ya watu wote. "Nilikutuma jambo moja! Jiwe hukuweka, ulikuwa kwenye umbea wako! Umeniulia mwanangu!" Nyamizi akaapa kwamba aliliweka. Hakuna aliyemwamini, hata kaka yake. Wakamrudisha Busisi na kifurushi chake, na hakukanyaga tena nyumba ile. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale mkekani, nimemshika Mama Kabula mabega, nimejifunga khanga ile ile. Sikuwa na nyingine nzuri ya kwenda nayo msibani.

Siku hizi nikienda hospitali nikaona kijana anapenya foleni, watu husema, "Huyu hana utu, hawafikirii wenzake." Mimi huangalia mguu wangu. Sikuwa na kinyongo na Nyamizi hata chembe. Ningemkuta amesimama pale kwa miguu yake nisingethubutu kumsukuma. Lakini niliona jiwe tu, na khanga yangu.

Tangu hapo Mama Kabula amekuwa ndugu yangu. Nilipofiwa na mume wangu alilala kwangu mwezi mzima. Wanangu wanamwita mama mkubwa. Sasa anaumwa sana, na juzi ameniita, sauti imekuwa ndogo mpaka nikainamisha sikio.

"Nyamizi anakuja Jumamosi kuniona," akaniambia. "Nataka uwepo. Wewe ulikuwa kwenye foleni siku ile, ndiwe shahidi wangu. Umwambie mbele yangu kwamba jiwe halikuwepo, aache ubishi, aniombe radhi. Nimsamehe, nife nimetulia."

Nikamwambia, "Nitakuja, dada." Ndivyo nilivyosema, mdomo huu huu.

Nikisema ukweli, nitamvunja moyo mtu anayekata roho, aondoke akijua aliyemshika mabega msibani ndiye mbaya wake. Nikinyamaza, Nyamizi, bibi kizee sasa, ataombeshwa radhi kwa kosa langu, na mimi nitakaa pembeni nashuhudia.

Jana nilifungua sanduku, khanga ile bado ipo. Sijawahi kuivaa tena tangu msiba ule, na harusi yenyewe sikwenda.

Leo ni Alhamisi. Ndugu zangu, nyie mnaosoma, nisaidieni kabla ya Jumamosi: nikishaingia chumbani mle, wakanigeukia wote wawili wakinisubiri, niseme nini?