Siku Niliyomezwa na Gunia la Pamba Nikiwa na Suti

Hata sijui nianzie wapi bila kujifunika uso, maana kijiji kizima cha Sapiwi, pamoja na ng'ombe wake, kiliniona miguu juu kichwa chini ndani ya gunia la pamba, nimevaa suti.

Suti yenyewe ilikuwa ya mahafali ya masomo ya jioni (nilifaulu hisabati, wiki nzima sikuivua, hata kuoga nilifikiria mara mbili). Rafiki yangu Masanja, tuliyekaa naye dawati moja nikimfundisha hesabu, hisabati ilimkataa, akaapa harisiti mtihani tena. Mama yake akanifuata kwangu Somanda kuniomba nimtie moyo, maana usajili ulikuwa unafungwa Ijumaa. Nikamwambia, "Mayu, mama yangu, hiyo kazi ndogo, nitamchekesha tu."

Nikamkuta kwenye ghala la kijiji, siku ya kuuza pamba, watu wamejaa, ndiyo kwanza ametoka kushindilia gunia lililoning'inizwa kwenye miti, refu kuliko mimi. Nikaanza na kautani kamoja: mwacheni Masanja ashindilie, kujumlisha kumemshinda. Watu wakacheka. Ningeishia hapo ningekuwa mtu wa maana hadi leo, lakini kile kicheko kikanilevya, nikapanda juu ya lundo la pamba lililokuwa kando ya mdomo wa gunia lile kama mgombea udiwani, nikatoa cha pili, cha tatu, Masanja naye anacheka, ila kwa meno tu, macho yako chini, na mama yake ameshageukia pembeni. Nikarudi hatua moja nyuma nitoe cha nne. Lundo likateleza, nikazama guniani kichwa mbele (naapa nilisafiri humo nusu saa).

Nikasikia mtu kanishika viatu. Masanja.

"Mwenye cheti, nikuvute, au unasubiri matokeo?"

Watu wakaanguka kwa kicheko. Nami mdomo umejaa pamba, sina tena heshima ya kulinda, nikatoa siri niliyomficha muda wote: "Nivute, ndugu yangu. Hata mimi hisabati nilifeli mara mbili kabla hatujakutana."

Masanja akacheka, safari hii mpaka akaachia mguu mmoja.

"Mara mbili? Na ulikuwa unanifundisha wewe?"

Nilitoka humo nimeganda pamba mwili mzima, kondoo kamili. Ijumaa tukaenda wote kujiandikisha, na karani alipouliza mimi ni nani, Masanja akajibu kwa kujidai, "Mwalimu wangu. Alifeli mara mbili."

Tangu hapo nikitaka kumtia mtu moyo kwa mzaha, naanza na mimi mwenyewe. Na nasimama chini.