Mate ya Yule wa Nyota Kavu

Mimi filamu za anga sizipendi. Nilisema hivyo siku ya kwanza Nasike aliponiita ndani ya banda lake la video pale Kakuma, jirani na kambi ya wakimbizi, na nasema tena leo, ingawa tangu siku ile sijakosa hata moja. Kazi yangu ni kuuza chai na mandazi mlangoni, na mtu wa mlangoni hawezi kuziba masikio. Basi msinishangae nikijua majina ya meli za angani kuliko ya wajomba zangu.

Nasike ni dijei. Simaanishi wa kupiga muziki harusini. Ni yule anayekaa kando ya skrini na maikrofoni, filamu inasema Kiingereza, yeye anaisema Kiswahili, na pale Kiswahili kinapokosa nguvu anatia Kiturkana. Sauti aliitoa Kalokol, alikouza samaki wakavu tangu usichana wake. Kule lori la Lodwar likishawasha injini, mwenye sauti ndogo hurudi nyumbani na samaki wake. Alipohamia Kakuma alikuta banda ambalo dijei wake ametoroka, akashika maikrofoni kwa mzaha, na mpaka leo hajairudisha. Kiingereza chake ni cha kujuliana hali tu. Filamu anazielewa kwa macho na kwa akili yake mwenyewe, na akili hiyo ndiyo iliyotuletea mambo.

Ukitaka kuwajua watu, waonyeshe filamu ya anga. Ikiwa ni ya roboti zinazowaasi mabwana zao, watu wetu hucheka. Mashine unailisha umeme wewe mwenyewe, sasa unaikimbilia nini? Zima! Ikiwa ni ya kurudi nyuma katika wakati, wazee hunyamaza, na ukiwatazama usoni utajua kila mmoja amekwenda kuwaona ng'ombe wake waliokufa kwa ukame. Lakini ikiwa ni ya watu wanaoikimbia dunia inayokufa na kushukia dunia ya wengine, hapo banda hugawanyika. Sisi wenyeji tunakuwa upande wa wenye dunia yao. Wakimbizi wanakuwa upande wa wanaoshuka kwenye meli. Siku moja Jeanine, mshonaji Mkongomani, alisimama katikati ya filamu akauliza, "Na hawa batu banaandikishwa wapi? Kadi ya chakula banapata kwa nani?" Watu walicheka sana. Yeye hakucheka, alikuwa anauliza kweli.

Basi ikaja filamu ya Nyota Kavu. Jina hilo ni la Nasike. Lile la Kiingereza lilikuwa refu na halina ladha. Mwanamke rubani anamwacha mtoto wake kwenye dunia iliyokauka, anakwenda kutafuta maji katika nyota ya mbali. Kule anakutana na kiumbe kirefu, cheusi kama kunguru, kinachosimama kwa mguu mmoja. Nasike akakiita Lokuruka papo hapo, na tangu hapo hakikuwa kiumbe tena, kilikuwa mtu wetu. Mwishoni Lokuruka anamkaribia rubani, anamwinamia, anamtemea mate kwenye paji la uso. Rubani anaanguka mchangani. Filamu inakatika hapo, subirini sehemu ya pili.

Pengine kwingine watu walipiga mayowe ya hofu. Kwetu mkubwa akikutemea mate kwenye paji la uso, amekubariki, na unatakiwa uinamishe kichwa na ushukuru. Nasike hakufikiri mara mbili. "Amembariki!" akapaza sauti. "Amechoka na safari, mwacheni alale. Akiamka, mvua!" Vigelegele vilivyopigwa siku ile viliniangushia birika.

Filamu yenye sauti yake ilinakiliwa kwenye flashi na simu, ikaenda Lodwar, ikaenda Kerio kwa wavuvi, ikafika mpaka Kainuk, ambako nasikia vijana waliosimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, wakisubiri lori lao lipekuliwe, walikuwa wakiitana Lokuruka. Kila mtu alijua kwamba yule rubani amebarikiwa.

Baraka hiyo ilifanya kazi hata nje ya skrini. Gervais ni fundi wa redio na spika, naye ni Mkongomani, anaishi kambini. Alipokuja mara ya kwanza kutengeneza wufa, ile spika kubwa ya Nasike, alimkuta Akal, mama yake Nasike, amekuja kumtembelea bintiye. Wufa ilipolia, mama alifurahi, akamwendea fundi akamtemea mate kwenye paji la uso, tena mate ya tumbaku. Gervais aliruka na bisibisi mkononi. Niliona macho yake, nikasema leo patachimbika. Kisha nikaona amemkumbuka rubani wa Nyota Kavu. Aliirudisha bisibisi mfukoni, akainamisha kichwa polepole na kusema, "Aksanti, mama." Tangu siku hiyo hajaondoka bandani. Yeye na Nasike wana siri yao ambayo hawajaisema, na mimi nimeombwa nisiiseme.

Tulikaa tukiisubiri sehemu ya pili kama watu wanavyosubiri mvua, yaani kwa kubishana. Mtoto wa rubani atakuwa amekua? Lokuruka atarudi naye duniani? Atakula nini huku kwetu? Trela ilipotoka, vijana walibanana kwenye simu moja, wakasema Lokuruka anaonekana akivunja meli. Wengine wakajibu kwamba hata baba mzazi huvunja vitu akikasirika. Nasike alicheka tu.

Alikuwa na sababu ya kuisubiri kuliko sisi sote. Mwenye kiwanja cha lile banda alikuwa amemwambia ahame, anajenga duka. Wakati huohuo Ethuro, mwenye ukumbi mkubwa kule Lodwar, wenye feni na viti vyenye migongo, alimtumia ujumbe: njoo uonyeshe sehemu ya pili kwangu Jumamosi mchana. Katikati kutakuwa na mapumziko. Watu wakirudi kuketi baada ya mapumziko, Jumamosi zote ni zako. Wasiporudi, naweka mpira. Nasike aliniambia waziwazi, "Abei, nikikosa Lodwar, narudi Kalokol kuanika samaki." Samaki si kazi mbaya, mimi mwenyewe nimewala. Lakini niliuona uso wake na roho iliniuma.

Filamu ilifika siku moja kabla ya safari, na mara hii ilikuja na sauti ya Kifaransa. Gervais anakijua Kifaransa. Wakajifungia bandani asubuhi, yeye anasikiliza na kumwambia, Nasike anatengeneza maneno yake. Nilikuwa nawapelekea chai niliposikia Gervais ameacha kutafsiri. Kwenye skrini daktari wa angani alikuwa amemlaza rubani kitandani, anaonyesha damu kwenye kichupa.

"Anasema nini?" Nasike akauliza.

Gervais alijikuna shingo. "Dada, ile mate haiko baraka. Iko sumu. Njo ile ilimwangusha."

Kisha nikamwona amepeleka mkono kwenye paji la uso wake mwenyewe. "Sasa mimi mama alinipaka nini?" Ningecheka, lakini Nasike alikuwa amekaa chini kwenye mkeka.

Gervais alimshauri airuke sehemu ya daktari. Aseme rubani ana malaria, ana uchovu, aseme lolote, nani atajua? Mimi nikaona ni vizuri niseme neno la kufariji, nikasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Aliniangalia jinsi ambavyo sitaki kuangaliwa tena.

"Watu wananiazima masikio yao," alisema baadaye, tukifunga vyombo. "Sijui nitawarudishia yakiwa na nini ndani."

Jumamosi tulikuwa Lodwar. Gervais alikuwa amepata ruhusa ya kutoka kambini, akafunga spika zake akiwa na shati jeupe ambalo sikulijua. Ukumbi ulijaa: wafanyakazi wa ofisini, wanafunzi, wafugaji wenye viti vyao vidogo vya mbao, wauza samaki, na Ethuro mlangoni amekunja mikono. Nilimuuliza Nasike ameamua nini. Akasema hajaamua. Hofu ikanishika hata mimi, mtu niliyekuja kuuza mandazi.

Filamu ilianza, naye akaanza, na kwa muda nikasahau hofu. Aliwapeleka angani watu wale. Mtoto wa rubani alipotokea akiwa kijana mrefu, Nasike akampa jina la ng'ombe dume, heshima ya mwanamume wa kwetu, na wazee wa mbele wakainua fimbo. Kisha akaja daktari na kichupa chake. Kitambaa cha mdomoni mwake kikaanza kusogea. Nasike hakusema neno. Daktari akaendelea kuongea, na ukumbi ukaanza kugeuza shingo kumtafuta dijei.

Nasike akaisimamisha filamu.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti ile ya kuita malori ilikuwa imebaki ndogo. "Daktari anasema damu ya rubani ina sumu. Anasema imetoka kwa mate ya Lokuruka. Mimi niliwaambia ni baraka. Hakuna mtu alinituma kusema vile, nilijitungia mwenyewe. Nilikosea. Nisameheni."

Halafu Ethuro akawasha taa, maana ndiyo ilikuwa saa ya mapumziko, na watu wote wakatoka nje.

Walisimama chini ya miarobaini na moto wa mabishano ukawaka. Wengine walikasirika. "Alitucheza!" mwanafunzi mmoja akasema. "Si niliwaambia? Kwa trela ilionekana, huyo jamaa ni noma!" Mama mmoja akalalamika kwamba alimbariki mtoto wa dada yake kwa jina la Lokuruka, sasa itakuwaje? Kisha akaingilia Namuar, dereva wa lori la samaki la Kalokol, mtu wa sauti nzito.

"Wewe ngoja. Kama yeye ni muongo, si angenyamaza? Nani hapa anajua hiyo Kifaransa ya daktari, na mdomo ilikuwa imefunikwa na kitambaa? Amejisema mwenyewe. Mimi huyo dijei namuamini kuliko jana."

"Na kama ni sumu," akadakia mwingine, "mbona huyo mama rubani hajakufa? Amelala hapo anaongea!"

"Hiyo daktari amezaliwa wapi? Yeye anajua mate?"

Chai yangu iliisha, mandazi yakaisha, mabishano hayakuisha. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Kengele ililia na hakuna aliyeingia. Ikalia tena. Walikuwa wanaizungumza filamu kwa utamu hata wakasahau kwamba nusu yake bado iko ndani. Ethuro alitazama saa yake, nikaona kabisa uso wake umeshakuwa wa mpira. Ndani, kupitia mlangoni, Nasike alikuwa amekaa peke yake mbele ya viti vitupu, maikrofoni mapajani, na Gervais amesimama kando yake.

Hapo ndipo nilipomwona Akal. Alikuwa amekuja na lori la Namuar kumwona bintiye akifanya kazi mjini, na alikuwa amebaki kwenye kivuli cha lori kwa sababu hajawahi kukaa kutazama filamu na hakutaka kuanza uzeeni. Akauliza kelele hizi ni za nini. Mtu akamwambia: binti yako amesema mate ni sumu.

Jamani. Mama yule ni mfupi, lakini umati ulimpisha. Alipita katikati yao shanga zikilia, akampita Ethuro bila salamu, akaingia. Na watu, ambao kengele iliwashinda, wakamfuata mbio wasikose kitu. Waliingia waliokuwa ndani mwanzo, na wakaingia na wapita njia. Viti vikajaa, wengine wakasimama ukutani.

"Sumu?" Akal alimuuliza bintiye kwa Kiturkana, na hakuhitaji maikrofoni. "Ulipozaliwa nilikutemea. Ulipougua nilikutemea. Ulipoondoka Kalokol nilikutemea. Uko hai au huko hai?"

"Niko hai, mama. Ni sumu ya kwenye filamu."

"Basi hao wa filamu hawakuwa na mama."

Nasike alipiga magoti. Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamtemea mate kwenye paji la uso. Kisha Gervais, bila kuitwa na mtu, akapiga magoti kando yake na shati lake jeupe, akainamisha kichwa, na Akal akamtemea naye. Na mimi, ninayesema filamu za anga sizipendi, nilipanda juu ya kiti nione kama kuna atakayeanguka.

Hakuna aliyeanguka. Nasike alifuta machozi, mate akayaacha yakauke yenyewe, akachukua maikrofoni, na Ethuro akavitazama viti vilivyojaa, akazima taa.