Kompyuta Iliyofukizwa Udi

Mtaa wa kompyuta wa Ruwi, huku kwetu kwa Waarabu, nnaujua tangu wakiuza mashine za taipu. Halafu zikaja kompyuta nzito kama gunia la mchele, unainunua kisha unatafuta mtu wa kukusaidia kuipakia garini. Zikaja disketi, zikaja sidi, watu wakisukumana milangoni. Leo kila duka kava za simu tu, na mafundi wa mambo yale wamebaki wawili watatu.

Basi juzi mama yangu akanishika: "Nipeleke Ruwi. Nnaitaka sauti ya baba yako."

Baba, Mungu amrehemu, alijirekodi kwenye kompyuta yetu ya mwanzo, nyumbani Ghubra, na sauti yake mahali pengine popote hatuna. Kompyuta yenyewe haiwaki. Nikamwambia mama asitarajie sana. Akaniuliza nani kaniuliza mimi.

Fundi, Mhindi mmoja mwenye haraka zake, akalifungua lile sanduku la kompyuta. Loh! Harufu ya udi ikafumka, duka zima likawa chumba cha bibi harusi. Wateja wakageuka. Muuza simu wa jirani akaja kuchungulia. Ndani, feni imegandana na masizi yanayonata.

"Nani kafanya hivi?" fundi akauliza kwa Kiarabu chake cha sokoni.

Mama akajibu, tena kwa fahari. Kila Ijumaa, akishafukiza nguo na makochi, alikiweka chetezo cha udi nyuma ya kompyuta, pale penye feni, "maana inavuta vizuri." Wallahi! Na mimi miaka yote ile nikigombana na waliotuuzia, nikiwaambia wametupa kompyuta mbovu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Kwani wewe ulitaka inuke?" akanikasirikia yeye.

Fundi akaitoa diski, akaipangusa masizi, akaichomeka kwenye mashine yake huku akipiga chafya. Mama akawa anasokota ncha ya mtandio wake tu. Na mimi macho kwenye skrini, maana sauti ikikosekana hapa, ndiyo basi tena.

Spika zikakwaruza. Halafu baba huyo, na ule mdomo wake wa kupayuka utadhani anamwita mtu wa ng'ambo: "Halo? Halo? Moja, mbili... Nnasikika? Jamani, nnasikika lakini?"

Kwisha. Hakusema jengine.

Mama akaiinamia meza ya fundi, akapayuka vile vile, mbele za watu wote: "Nnakusikia, bwana! Sema!"